Viti Vilikuwa Viwili

12 Machi

Mama mdogo,

Shikamoo. Natumaini mafua yamekuacha na ngazi za nyumba yenu bado unazipanda bila kumlaani mwenye nyumba. Sisi huku hatujambo. Mke wangu amerudi kazini kwenye duka la dawa. Mjukuu wako ameng'oka meno mawili ya mbele, na kila neno lenye "s" linatoka na mluzi. Jana aliomba sukari, akaja mbwa wa jirani.

Mama ni mzima. Kila Jumamosi anafagia kanisa kama zamani. Ila tangu nilipowekwa mahali pa baba, ananiita Mchungaji. Kanisani ningeelewa, lakini ananiita hivyo hata mezani. "Mchungaji, chumvi hiyo hapo." Umri wangu wote nimekuwa Kengele, kwa kile kilio changu cha utotoni mnachokisimulia kila harusi, na sasa nalisikia jina hilo kwako tu.

Ningepiga simu, lakini najua sikio lako na simu havipatani tena. Tena jambo lenyewe linahitaji karatasi.

Unakikumbuka kiti ambacho baba alikikalia akihubiri baada ya mguu wake kuharibika. Tulipomzika tulikiacha palepale mbele, kando ya mimbari, kwa heshima tu. Mwanzoni hakuna aliyekigusa. Sasa muuza maziwa hasafiri kabla hajaweka kiganja juu ya mkono wa kiti. Muuguzi mmoja alileta shuka la mgonjwa akaligusisha pale. Jumapili iliyopita wazazi walimlaza mtoto mchanga kitini na kuniomba nisogee, niwapishe wapige picha. Mzee wa kanisa anawaambia watu kwamba mbao zake zilitoka kwenye mti uliopigwa na radi usiungue. Nikihubiri, wanakitazama kiti.

Na mama anakipaka mafuta na kukisugua, huku akisema nacho. Nimemsikia.

Nimeanza mahubiri ya kitabu cha Hosea. Ni yule nabii aliyeambiwa aoe mwanamke ambaye angemwacha na kufuata wengine, ili aonje mwenyewe uchungu wa Mungu watu wake wanapoinamia vitu. Nitamaliza Jumapili ya mwisho ya Juni kwa habari ya nyoka wa shaba. Musa alimtengeneza jangwani kwa neno la Mungu, na walioumwa na nyoka wakamtazama wakapona. Vizazi vingi baadaye watu walikuwa wanamfukizia uvumba. Mfalme Hezekia akamvunja vipande vipande. Siku hiyo, nikishasoma maneno hayo, nataka nikivunje kiti mbele ya wote.

Wewe ndiye uliyempa baba kiti hicho. Kilitoka wapi hasa? Na unaonaje?

Mwanao,
Kengele


9 Aprili

Mwanangu Kengele,

Marahaba. Barua yako ilikaa ofisi ya vifurushi stendi mpaka mtu wa pale akachoka kuiona. Mafua yameondoka. Mwenye nyumba amepaka ngazi rangi ya kijani, na kwa kuwa hakuweka tangazo, wapangaji wote tuna soli za kijani. Chini yangu kahamia fundi seremala. Ana msumeno wa umeme, na kwa mara ya kwanza nalishukuru sikio langu bovu.

Mpe mjukuu wangu pole ya meno. Mbwa mpe sukari.

Nimeandika habari za mahakamani karibu maisha yangu yote, kwa hiyo nitakujibu kama ninavyojua. Jambo lako lilipaswa kuwa aya ya kwanza. Umelificha chini ya chumvi na shuka.

Asili ya kiti ni hii. Gazeti letu lilipohama jengo, samani kuukuu zilitupwa uani. Kulikuwa na viti viwili vinavyofanana, vyeusi, vya mikono mipana. Kimoja alikikalia mhariri mkuu. Alikuwa akilala humo baada ya chakula cha mchana, na akiamka anatutukana kutokea humohumo. Cha pili kilikuwa cha wageni. Wiki ile mpishi wa kantini aliishiwa gesi, akachukua shoka akakipasua cha wageni akawasha moto. Tulikunywa chai yake. Ilikuwa chai nzuri.

Baba yako alikuwa amekuja kunisalimia, na ile fimbo yake. Akakaa kwenye kilichobaki, akainuka, akakaa tena. Akasema, "Shemeji, hiki kinanielewa." Tukakifunga juu ya basi. Njiani mvua ikakinyeshea. Radi haikuwemo.

Nilipomwambia habari za mhariri alicheka mpaka akashika kiuno. Akasema, "Basi nitahubiri nikiwa nimekalia matusi yote ya mji."

Ushauri wangu: simama mbele yao uwasimulie hayo. Watacheka, na kitu kilichochekwa hakiabudiwi. Nyundo ya nini?

Halafu. Umeandika kwamba ulimsikia mama yako akisema na kiti. Hukuandika alisema nini.

Mama yako mdogo


26 Aprili

Mama mdogo,

Shikamoo. Hapa hatujambo, isipokuwa paa la chumba cha kwaya linavuja na soprano wanaimba na ndoo katikati. Mjukuu wako amechaguliwa kusoma neno siku moja kanisani na anafanya mazoezi mbele ya kioo. Tunavumilia miluzi.

Barua yako nilimsomea mke wangu jikoni akacheka mpaka akazima jiko. Unajua kwamba habari hiyo imo katika Isaya? Mtu anakata mti mmoja. Nusu anaotea moto na kuokea mkate, anasema, "Aha, nimepata joto." Nusu iliyobaki anaichonga mungu, anaipigia magoti na kuiambia, "Niokoe." Umekaa na hadithi ya nabii kwenye kantini ya gazeti miaka yote hii, na hukuniambia.

Lakini sikuisimulia kanisani, na nitakwambia kwa nini. Isaya anacheka, Hosea analia. Ingekuwa ni ujinga tu, kicheko kingetosha. Mjinga unamfundisha yanaisha. Manabii hawakuishia hapo. Walisema ndoa imevunjwa. Mke anapokea nafaka, divai na mafuta kutoka kwa mume wake, kisha anakwenda kumshukuru mwingine kwa vitu hivyohivyo. Hilo ndilo linalomchoma Mungu katika kile kitabu, kwamba asante yake imepelekwa nyumba nyingine. Muuza maziwa amesafiri salama, na akirudi anakwenda kukipapasa kiti.

Kiongozi wa kwaya alinisubiri mlangoni. "Mchungaji, mbona siku zote mkosaji ni mke?" Nikamwambia kwamba waliokuwa wakiitwa mke ni wafalme, makuhani na wenye mashamba, wanaume wenye ndevu zao, ndiyo maana iliwauma. Akasema, "Basi nenda kawahubirie hao. Hapa mbele umetupanga sisi."

Mama haji tena kwenye mahubiri ya Hosea. Anaimba wimbo wa kwanza kisha anatoka, anakwenda kuosha vyombo ambavyo vimeshaoshwa. Nyumbani hatugombani. "Mchungaji, maji ya kuoga tayari." Nyumba imejaa adabu.

Alichokiambia kiti sikukisikia vizuri.

Jumapili ya mwisho ya Juni iko palepale.

Kengele


30 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa. Sitasema nilikuwa naumwa, sikuwa naumwa. Nilikuwa nasoma.

Habari za huku: rangi ya ngazi imekauka, fundi wa chini amenitengenezea rafu ya vitabu akakataa nimsifu. Mashine yangu ya kupiga chapa imekwama herufi moja, nikairekebisha kwa pini. Bado sijamruhusu mtu kuweka kikombe juu yake.

Soprano wapeni ndoo kubwa zaidi.

Kwanza nakiri, umenishinda kwa Isaya na Hosea. Nilidhani jambo ni mbao. Nimesoma barua yako mara mbili nikaona kwamba jambo ni asante, na nani anaipata. Ungeihubiri hiyo bila nyundo.

Pili, nimesoma Hosea mwenyewe, kama nilivyokuwa nikisoma jalada la kesi ya ndoa. Nimekaa kwenye kesi hizo nyingi. Mume anayelalamika husema kwa mpangilio: alichofanya mke, kisha atakachofanya yeye. Katika sura ya pili mume huyu anasema "kwa sababu hiyo" mara tatu. Ya kwanza, kwa sababu hiyo nitamzibia njia kwa miiba. Ya pili, kwa sababu hiyo nitamnyang'anya nafaka yangu na nguo zangu, nimvue mbele ya wapenzi wake. Nikachukua kalamu nikangoja hukumu, maana kwa uzoefu wangu ya tatu ndiyo hukumu. Ya tatu inasema: kwa sababu hiyo nitamvuta kwangu, nimpeleke jangwani, na huko niseme na moyo wake.

Sijawahi kuona kesi ikigeuka hivyo. Nilirudi juu kuangalia kama nimeruka mstari. Sijaruka. Yule aliyeumizwa amekuwa na haki yote mkononi, na badala ya kuitumia akaomba faragha.

Ukihesabu mahubiri yako, wewe umefika wapi? Mimi nakuona umesimama kwenye ya pili, pale pa kumvua mtu mbele ya watu. Na mwanzoni mwa sura hiyohiyo watoto wanaitwa wamshitaki mama yao. Nilipofika hapo nilikufikiria, nikaacha kusoma kwa siku kadhaa.

Tatu ni swali, kama mwandishi anavyouliza. Katika barua ya kwanza umeandika hivi: "Nikihubiri, wanakitazama kiti." Umeandika pia kwamba waliokuja na mtoto walikuomba usogee. Maandiko yanasema Mungu ni mwenye wivu, sawa. Wivu huu tunaouzungumzia hapa ni wa nani?

Usinijibu haraka.

Mama yako mdogo


Jumatatu, 1 Julai

Mama mdogo,

Shikamoo. Nisamehe, leo sina salamu ndefu. Mama amefika kwako?

Jana nilikuja kanisani mapema na nyundo kwenye mfuko wa plastiki. Kiti hakikuwepo. Nilikuta alama nne tu sakafuni, mahali ambapo miguu yake ilikuwa imekula saruji, na duara la mafuta pale mama anapoweka kopo. Nikadhani wameiba. Watu wakaanza kuingia nikiwa bado nimesimama, mfuko mkononi. Mzee wa kanisa akauliza, "Mchungaji, nyundo ya nini?" Nikasema kuna msumari. Akazunguka kanisa lote akiutafuta, ili anisaidie.

Nilihubiri habari ya nyoka wa shaba, bila nyoka.

Niliporudi nyumbani mke wangu akaniambia. Jumamosi jioni muuza magodoro alileta pikapu yake, mama akapakia kiti na begi moja. "Ninakwenda kwa mdogo wangu. Mchungaji msimwambie mpaka ahubiri, asije akayumba." Mke wangu alinyamaza siku nzima kwa sababu mama alimwomba, na mjukuu wako alinyamaza kwa sababu alipewa pipi.

Simu yake imezimwa. Tafadhali niandikie.

Kengele


6 Julai

Mwanangu,

Yupo. Alifika salama, amekaa kwenye kiti nyuma ya pikapu, katikati ya magodoro, kitambaa kichwani. Fundi wa chini alidhani ni msafara wa mtu mkubwa akavua kofia.

Anakula. Analala. Kiti kiko sebuleni kwangu na hatujakizungumzia. Anapenda mchuzi wangu, jambo ambalo hajawahi kulisema.

Usije. Si kwa ubaya. Bado.

Mama yako mdogo


24 Julai

Mama mdogo,

Shikamoo, na mpe mama shikamoo yangu kama ataipokea. Mke wangu anawasalimu. Mjukuu wako amechora kiti chenye mabawa, anasema ni pikapu.

Nimesubiri kama ulivyosema. Sasa najibu mawili uliyoniuliza.

Wivu ulikuwa wangu. Niliuita wa Mungu kwa sababu wa Mungu unaruhusiwa. Mara nyingi nimesimama pale nikiwa na neno nililolitafuta wiki nzima, nikaona macho ya watu yanapita kando ya bega langu kwenda kwenye mbao. Nilitaka waache kuabudu kiti, hilo ni kweli na bado nalitaka. Lakini pia nilitaka wanione nikikivunja.

La pili. Nilikwambia sikumsikia mama vizuri. Nilimsikia vizuri sana. Nilikuwa nyuma ya mlango wa chumba cha kwaya. Alikuwa amepiga goti moja, anasugua mguu wa kiti, anasema kama anavyozungumza na mtu aliyekaa: "Na huyu mtoto umsaidie. Anajitahidi, lakini hapafikii ulipokuwa."

Mimi ndiye niliyekuwa naombewa. Aliniombea kwa asiyeweza kusikia, na alichokisema ni kweli. Sikujua kipi kiliniuma zaidi. Nikachagua kile chenye mistari ya kuhubiri.

Habari moja ya huku, cheka ukitaka. Kiti hakipo, sasa wanakwepa zile alama nne. Juzi wabeba jeneza walipinda kama nyoka ili wasizikanyage. Muuza maziwa anaweka kiganja hewani, pale mkono wa kiti ulipokuwa.

Sitaitaja tena nyundo. Mwambie mama arudi na kiti chake akitaka. Nitahubiri kando yake.

Kengele


19 Agosti

Mwanangu Kengele,

Marahaba. Tu wazima wote wawili. Dada amenenepa kidogo na amewapanga upya wapangaji wa nyumba nzima. Mwenye nyumba sasa anagonga mlango kabla ya kuingia uani. Mchoro wa pikapu yenye mabawa uko ukutani.

Nilimpa barua yako. Hukuniambia nisimpe. Aliisoma dirishani, akaikunja, akaiweka kifuani, akaenda kuosha mchele. Kesho yake, tukiwa tunachambua maharage, alianza mwenyewe. Ninakuandikia kama alivyosema, sijaongeza.

"Nilianza kwa kumkumbuka. Nilikuwa nakipangusa kiti kwa sababu yeye alipenda kiwe safi. Halafu nikawa namsimulia ya nyumbani. Halafu siku moja mjukuu alikuwa na homa, nikajikuta nasema, mume wangu, mponye. Midomo ilishasema. Homa ikashuka, nikamshukuru yeye. Nilijua palepale nimefanya nini. Nimekaa na Mungu tangu ujana wangu, nilimfuata wakati hatuna hata mkeka, halafu shukrani yake nimeipeleka kwa marehemu. Nilijua kabla mwanangu hajafungua hicho kitabu chake. Sikuweza kuacha. Na sikutaka kuachishwa mbele ya muuza maziwa."

Nikamuuliza kama amekukasirikia. Akasema, "Alitaka kunivua nguo hadharani halafu aniite nivae." Kisha akasema, "Lakini barua hii ni ya mwanangu. Yule mwingine nilikuwa simjui, ndiyo maana nilikuwa namwita kwa cheo." Jina alilokutaja hapo sikuandikii. Si langu kulipeleka.

Siku mbili baadaye tulikishusha kiti kwa fundi. Fundi alikizunguka, akakigonga, akakataa.

"Mama, hiki kizima. Hakina hata skrubu iliyolegea."

"Ndiyo maana nimekileta kwako. Kingekuwa kibovu ningekivunja mwenyewe."

"Basi niuzie."

"Utakikalia?"

"Aa, hiki cha kuangalia tu, mama. Nitakiweka mlangoni."

"Unaona?" akaniambia mimi. "Umeona? Hata hajui ni cha nani." Akamgeukia fundi. "Kata."

Alisimama karibu muda wote. Msumeno ulipoingia kwenye mkono wa kulia, ule ambao shemeji alikuwa akiupiga kwa kiganja akifika penye uzito, alinishika hapa juu ya kiwiko na alama ilikaa. Alilia kama mtu anayelia, mwanangu, kwa sauti, fundi akazima mashine akatoka nje akajifanya anatafuta rula. Alipomaliza akajipangusa akamwita. "Rudi. Endelea."

Miguu, mgongo na mkono mmoja tulivipeleka uani tukawasha moto. Dada aliinjika sufuria mwenyewe. Tulikunywa chai. Nilimsimulia kile kiti cha pili na mpishi wa kantini, akauliza, "Na ile chai ilikuwaje?" Nikasema nzuri. Akaonja yake. "Hii ina moshi." Tukaimaliza.

Katika mbao za kukalia na mkono uliobaki amemwagiza fundi kitu. Utakiona.

Sikumwambia neno moja juu ya sanamu tangu alipofika. Nilimpikia, nikamwacha aseme. Hilo nalo nilikuwa nimelisoma kwa Hosea, kwenye ile ya tatu. Sikutegemea kwamba jangwa lenyewe lingekuwa sebule yangu.

Utaona naandika kwa mkono. Dada aliweka birika la moto juu ya mashine yangu ya kupiga chapa. Nilipopiga kelele akauliza, "Na hii nayo unaipaka mafuta siku gani?" Hilo tumeliacha hapo.

Atakuja mwisho wa Septemba kwa basi. Usimpelekee kwaya stendi.

Mama yako mdogo


7 Oktoba

Mama mdogo,

Shikamoo. Sisi hatujambo, na safari hii nasema hivyo nikijua maana yake. Paa la kwaya limezibwa. Mke wangu anakuomba namna ya kupika ule mchuzi, maana mama amekuja anautaja kila siku.

Alifika Jumamosi ya mwisho ya Septemba, wakati nimekwenda kumtazama mgonjwa. Niliporudi alikuwa ameshalala. Jumapili asubuhi aliwahi kanisani kabla yetu. Kwa hiyo tulionana mara ya kwanza watu wakiwa wamejaa. Alinishika mkono mlangoni kwa mikono yake miwili. Hakuniita kwa cheo, wala kwa jina. Akaenda kukaa benchi la tatu, na kifurushi kimefungwa kitambaa.

Ilikuwa zamu ya mjukuu wako kusoma. Nilimchagulia ile ya tatu, ya kuvutwa na kupelekwa jangwani. Alipanda mbele, akasimama nyuma ya mimbari, na kanisa zima likaona utepe wa nywele tu. Nikawa naangalia huku na huku natafuta kitu cha kumpandishia.

Mama akainuka. Akapita katikati ya kanisa akafungua kitambaa, na ndani mlikuwa na kigoda, kifupi, cheusi, kipya. Watu walipisha. Alikwenda moja kwa moja kwenye zile alama nne ambazo hakuna aliyezikanyaga tangu Juni, akazikanyaga, akaburuta na mimbari kidogo, akaweka kigoda katikati yake. "Panda," akamwambia mtoto. Na mimi akaniambia, "Sogea, unamziba." Nikasogea. Ni mara ya pili naombwa kusogea mahali pale, na safari hii sikusikia chochote moyoni ila furaha.

Mtoto akasoma. Kila "s" ilikuja na mluzi wake. Alipofika kwenye kusema na moyo, nje mbwa alibweka, na kiongozi wa kwaya akacheka wa kwanza, kisha wote. Baada ya hapo niliwasimulia habari ya viti viwili, na mhariri, na chai zote mbili. Ya mama sikuyagusa. Ni yake.

Ibada ilipokwisha, mzee wa kanisa alikuja mbele polepole. Alikuwa amezitambua mbao. "Mama," akasema kwa sauti ya chini, "hiki si ndicho…?" Na mkono wake ulikuwa umeshaanza kunyooka, kiganja kimefunguka, na muuza maziwa nyuma yake anasubiri zamu.

Mama akakaa juu yake. Alikaa kwa uzito wake wote, akamvuta mtoto, akaanza kumfunga kamba za viatu. "Ni kigoda, mzee," akasema. "Kinakaliwa."

Mzee alibaki na mkono hewani, kisha akautumia kujikuna shingo. Muuza maziwa akaondoka akiwa hajagusa kitu. Alipofika mlangoni aligeuka, akanipungia mimi.

Watu walipotoka, mama alijaribu kuinuka akashindwa. Kigoda ni kifupi na magoti yake unayajua. Akajaribu tena, akaanza kucheka. Nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka pale, nafunga vitabu.

"Kengele," akasema. "Nipe mkono."

Mwanao,
Kengele